Sina cha Kuibiwa: Historia ya Uzembe wa Mtumiaji wa Kompyuta ya Nyumbani

Mtu akishauriwa abadilishe nywila ya kompyuta yake ya nyumbani, au aache kufungua kila kiambatisho kinachomjia kwa barua pepe, jibu lake aghalabu ni moja: "Mimi ni mtu mdogo, sina cha kuibiwa." Jibu hilo nimelisikia hapa Kampala kwa walimu wenzangu, kwa wazazi na kwa wanafunzi, lilisikika pia Marekani na Ulaya miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia katika nyumba zetu. Lina sauti ya unyenyekevu, na ndiyo maana ni gumu kulipinga, kwa kuwa nani atabishana na mtu anayekiri uchache wa mali yake? Hata hivyo jibu hilo lina historia, na historia yake inaonyesha kwamba, hata kama liliwahi kuwa na ukweli, ukweli huo ulikwisha zamani. Hapa tumezoea kuujadili wajibu wa raia katika kura, kodi na usafi wa mtaa. Leo naomba tuutazame wajibu mwingine ambao sijauona katika mtaala wowote niliowahi kuufundisha, nao ni wajibu wa mwenye kompyuta kwa jirani asiyemjua.

Tuanze na nywila yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mtumiaji alikuwa na faili zake, ilibidi kila mmoja awe na neno la siri la kufungulia sehemu yake. Haikuchukua muda mrefu udhaifu wa neno hilo kudhihirika. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, aliona saa alizogawiwa za kutumia mashine hazimtoshi. Akagundua kwamba mtu angeweza kuomba faili ichapishwe kwa kupeleka kadi iliyotobolewa; basi akaomba ichapishwe faili yenye nywila za watu wote, akaichukua, akaendelea na utafiti wake kwa saa za wenzake. Mwaka 1966 mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Kwa hitilafu ya programu, faili ya nywila ilibadilishana nafasi na faili ya tangazo la siku, na kila aliyeingia katika mfumo akakaribishwa kwa orodha ya nywila za wenzake wote.

Watumiaji hao hawakuwa watu wa kawaida. Walikuwa wanasayansi na wahandisi. Miaka michache baadaye Robert Morris na Ken Thompson, wataalamu wa maabara za Bell, walikusanya nywila 3,289 za watumiaji wa mifumo ya wakati huo ili waone watu huchagua maneno ya namna gani. Katika makala yao ya mwaka 1979 walieleza kwamba nywila 15 zilikuwa za alama moja tu, 72 za alama mbili, na 464 za alama tatu. Walipojumlisha zote zilizokuwa fupi mno, pamoja na zile zilizopatikana katika kamusi na orodha za majina, walipata asilimia 86. Nimeianza historia yetu huko kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kuuita uzembe huu ujinga wa watu ambao hawakusoma. Waliosoma kuliko wote walianza wao.

Kompyuta zilipoingia majumbani, hatari ya kwanza ilikuja kwa mkono wa rafiki. Mwaka 1982 mvulana wa miaka 15 wa Pennsylvania, Rich Skrenta, aliandika programu iliyojificha katika disketi za kompyuta ya Apple II na kujinakili katika kila disketi nyingine iliyoingizwa. Ilikuwa utani: kila baada ya kuwasha mara 50, mashine ilionyesha kishairi cha kumdhihaki mwenyewe. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliunda kirusi kilichoitwa Brain. Walisema walitaka kuwabaini watu walioinakili bila malipo programu yao ya kitabibu, na ndani ya msimbo waliandika majina yao, anwani ya duka na nambari za simu. Kirusi kikasafiri katika disketi hadi Marekani na Uingereza, na ndugu hao wakaanza kupokea simu kutoka mbali wasikotarajia. Leo hatuwezi kumwazia mhalifu anayeacha anwani ya duka lake. Lakini ukiutazama ulimwengu wa wakati ule, utaona kwa nini mwenye kompyuta hakujali sana. Kirusi kilikuwa kama mafua. Kilimpata mtu kwa kukaa na wenzake, kikamsumbua siku chache, kisha kikapita. Ni katika miaka hiyo ndipo tabia ya kutojali ilipokomaa, na wakati huo haikuwa tabia ya kipumbavu.

Novemba 1988 mtandao ulipata mshtuko wake wa kwanza. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell na mwana wa yule Morris wa nywila, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Miongoni mwa mbinu zake ilikuwa kubahatisha nywila kwa kutumia orodha fupi ya maneno 432. Inakadiriwa kuwa kompyuta zipatazo 6,000 ziliathirika, katika mtandao uliokuwa na takriban 60,000. Lakini hizo zilikuwa mashine za vyuo na maabara, na mtu wa nyumbani aliyasoma hayo gazetini kama habari za watu wengine.

Habari za watu wengine zikawa za kila mtu tarehe 4 Mei 2000. Siku hiyo, kuanzia Manila, Ufilipino, barua pepe yenye kichwa cha Kiingereza kinachosema "nakupenda" ilianza kusambaa. Ndani yake kulikuwa na ombi fupi la kufungua barua ya mapenzi iliyoambatishwa. Aliyeifungua hakuona barua yoyote. Programu iliyokuwa ndani yake ilijituma kwa kila anwani iliyokuwa katika kitabu cha anwani za mhusika, ikafuta picha zake kwa kujiandika juu yake, na ikajaribu kuleta programu nyingine ya kuiba nywila. Ilisafiri pamoja na jua: wafanyakazi wa Asia waliifungua asubuhi yao, wa Ulaya wakaifungua asubuhi yao, na Wamarekani walipofika kazini wakaikuta inawasubiri. Bunge la Uingereza lilizima mfumo wake wa barua pepe. Makao makuu ya jeshi la Marekani yalifanya vivyo hivyo.

Kisa hiki kinafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa kimebeba takriban kila kitu kinachohusu mada yetu. Kwanza, barua ilitoka kwa mtu anayejulikana. Karani wa London hakupokea barua ya mapenzi kutoka kwa mgeni. Aliipokea kutoka kwa mwenzake wa ghorofa ya pili, na udadisi wa kibinadamu ukamaliza kazi. Pili, mfumo endeshi wa Windows ulikuwa umewekwa kwa namna ya kuficha sehemu ya mwisho ya jina la faili. Jina kamili lilimalizikia kwa herufi zilizoonyesha kwamba ni programu, lakini mtumiaji aliona sehemu iliyodai kwamba ni maandishi tu. Aliyebofya alidanganywa na mwandishi wa kirusi, na alisaidiwa kudanganyika na kampuni iliyomuuzia kompyuta. Tatu, aliyeiandika, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta mjini Manila ambaye pendekezo lake la utafiti, la programu ya kuchukua nywila za intaneti za watu wengine, lilikuwa limekataliwa na walimu wake. Miaka ishirini baadaye alimkiria mwandishi wa habari kwamba alizitaka nywila hizo kwa sababu hakuweza kulipia intaneti. Kwa hiyo yule aliyesema "sina cha kuibiwa" alikuwa nacho, na kitu hicho kilikuwa saa zake za mtandao. Scherr aliiba kitu hichohicho mwaka 1962.

Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshtaki. Sheria ilisainiwa Juni mwaka huohuo, lakini haikuweza kurudi nyuma, na mashtaka yakafutwa mwezi Agosti.

Ingetarajiwa kwamba baada ya hapo watu wangejihadhari. Oktoba 2001 Microsoft ilitoa Windows XP, ambayo ingekaa katika kompyuta za dunia kwa zaidi ya muongo mmoja. Mtumiaji wa kawaida wa nyumbani aliingia humo akiwa na mamlaka yote ya msimamizi, bila kuombwa nywila, na ngome ya kuzuia miunganiko kutoka nje, ingawa ilikuwemo, haikuwashwa. Ni sawa na fundi kukujengea nyumba, akaweka makomeo mazuri ndani ya sanduku, akaliacha sanduku stoo. Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake waraka wa kuwataka waweke usalama mbele ya vikorombwezo vipya, lakini milango ilikuwa imeshafunguliwa. Tarehe 16 Julai 2003 kampuni ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu mmoja mkubwa. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye kompyuta wengi hawakuziba. Tarehe 11 Agosti, chini ya mwezi mmoja baadaye, mnyoo ulioitwa Blaster ulipita katika ufa huohuo. Huu haukuhitaji mtu abofye chochote. Ilitosha kompyuta iwe imewashwa na kuunganishwa. Ndani ya msimbo wake kulikuwa na maneno ya kumkejeli Gates, kumtaka aache kutafuta fedha arekebishe programu zake. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, toleo jipya la XP lilitolewa likiwa na ngome iliyowashwa tangu mwanzo, na hatua hiyo moja ilifanya kazi ambayo mawaidha ya miaka mingi hayakuifanya.

Mwaka huohuo wa 2004 ulifanyika nchini Marekani uchunguzi ambao kwangu ndio kioo bora cha tabia tunayoizungumzia. Kampuni ya AOL na muungano wa kitaifa wa usalama wa mtandao hawakuridhika na kuwauliza watu maswali. Walipeleka mafundi katika nyumba 329 wakaifungue kompyuta na kuikagua. Zaidi ya robo tatu ya wenye nyumba walisema wanajiona salama. Mafundi walipokagua, walikuta programu za kipelelezi katika kompyuta nne kati ya kila tano, na wengi wa waliokuwa nazo hawakujua kwamba zimo. Hivyo tatizo halikuwa ukosefu wa hofu peke yake. Watu walikuwa na uhakika, na uhakika huo haukuwa na uhusiano wowote na hali ya mashine iliyokuwa mezani mbele yao.

Kwa nini hawakujua? Kwa sababu uhalifu ulikuwa umebadilika kimyakimya. Vile virusi vya zamani vilijitangaza. Vilionyesha mashairi, vilifuta picha, vilizima mashine. Kuanzia mwaka 2003 hivi vilianza kuenea virusi vilivyotaka mwenye kompyuta asishtuke kabisa. Nia yao haikuwa kumdhuru yeye. Walitaka umeme wake, intaneti yake na anwani yake, ili watume mamilioni ya barua za ulaghai kwa watu wengine, au waelekeze maelfu ya kompyuta zishambulie seva moja kwa pamoja hadi ielemewe. Wazungumzaji wa Kiingereza huziita kompyuta hizo kwa jina la wafu wanaotembea. Sisi hatuna haja ya kuazima, maana watu wa Tanzania wana neno msukule: mtu anayeaminika kuchukuliwa na mchawi akafanyishwa kazi usiku katika mashamba ya mwingine, na asubuhi asikumbuke lolote. Sijui neno linaloieleza vizuri zaidi kompyuta ya namna hiyo. Mchana inaandika barua za mwenyewe, usiku inalima kwa bwana asiyejulikana.

Hapo ndipo kauli ya "sina cha kuibiwa" ilipopoteza ukweli wake wote, kwa kuwa mwizi hakuwa tena anatafuta mali ya mwenye nyumba. Alitafuta mahali pa kusimama.

Waliolipa gharama ya mabadiliko hayo ni watu wa Estonia. Mwishoni mwa Aprili 2007 serikali ya nchi hiyo ndogo iliihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji wa Tallinn hadi makaburi ya kijeshi. Kulikuwa na ghasia mitaani, na kwa muda wa wiki kadhaa tovuti za serikali, bunge, magazeti na benki zilifurikwa na maombi kutoka kompyuta zilizotawanyika duniani kote. Hansapank, benki kubwa kuliko zote nchini humo, ililazimika kusitisha huduma zake za mtandaoni kwa muda, katika nchi ambayo wananchi walikuwa wamezoea kufanya shughuli za benki bila kwenda dirishani. Baadhi ya mashambulizi yaliendeshwa na watu kwa hiari yao, wakiwa na hasira ya kisiasa. Lakini sehemu nyingine ilifanywa na misukule, yaani kompyuta za watu ambao pengine hawangeweza kuionyesha Estonia kwenye ramani. Mahakama ilimtoza faini ya krooni 17,500 kijana mmoja wa hukohuko Tallinn. Wenye misukule hawakuulizwa lolote, na kwa hakika wengi wao hawakuwahi kujua.

Nasi je? Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa nyuma, yaani kwa flashi. Hadi katikati ya mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia satelaiti, ilikuwa ghali na ya polepole, na mtu wa kawaida aliikuta katika mgahawa wa intaneti akilipa kwa dakika. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka huo, TEAMS kisha SEACOM mwezi Julai, na kutoka pwani zikavutwa hadi huku bara. Miezi michache kabla ya hapo dunia ilikuwa imepambana na mnyoo wa Conficker. Kiraka chake kilitolewa tarehe 23 Oktoba 2008, mnyoo ukaonekana Novemba, na kabla ya katikati ya mwaka uliofuata ulikuwa umeambukiza mamilioni ya kompyuta. Toleo lake moja lilisafiri kwa flashi. Ulipoichomeka, Windows ilikuletea dirisha la kukuuliza unataka kufanya nini, na mnyoo uliweka humo chaguo la uongo lenye picha ya folda. Aliyebofya akidhani anafungua folda alikuwa anaukaribisha.

Kwetu flashi ilikuwa basi la abiria la virusi, na vijiduka vya uchapaji vilikuwa ndivyo kituo cha mabasi. Kila mwalimu wa umri wangu anakumbuka jinsi mtihani ulivyopelekwa kuchapishwa ukiwa faili moja, flashi ikarudi na folda zote zimegeuka vijinjia vya mkato visivyofunguka. Tulicheka, tukaomba fundi aisafishe, kesho tukairudisha palepale. Lakini kwetu uzembe ulikuwa na sababu nyingine ambayo uchunguzi wa Marekani haukuihusu. Kompyuta nyingi zilikuwa za mtumba, zenye Windows ya kunakili isiyolipiwa, na fundi aliyeiweka alizima masasisho kwa makusudi ili Microsoft isije ikaitambua. Hata yule aliyekuwa na nakala halali aliyazima, kwa kuwa sasisho moja lingemaliza bando la mwezi. Hivyo mtu alimlipa fundi amwondolee kinga, na kwa hesabu za mfuko wake alifanya jambo la busara.

Neno hilo la hesabu linanilazimu nisimame kidogo, nisije nikamtwisha mtumiaji mzigo wote. Mwaka 1999 watafiti Anne Adams na Angela Sasse waliandika makala yenye hoja kwamba mtumiaji si adui, na kwamba watu huvunja kanuni za nywila pale kanuni zinapopingana na kazi yao. Mwaka 2009 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alikwenda mbali zaidi. Alionyesha kwamba kama kila Mmarekani mwenye intaneti angetumia hata dakika moja tu kwa siku kuchunguza anwani za tovuti ili asitapeliwe, thamani ya muda huo ingezidi kwa mbali hasara yenyewe ya utapeli. Kuyapuuza mawaidha, alisema, kunaweza kuwa uamuzi wenye mantiki. Tena mawaidha yenyewe hayakuwa mazuri kila mara. Ile desturi ya kulazimisha herufi kubwa, tarakimu na alama, na kubadilisha nywila kila baada ya miezi michache, ilipata nguvu kutokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003. Mwandishi wake, Bill Burr, alipostaafu alikiri kwamba anayajutia mengi aliyoyaandika, na mwaka 2017 taasisi hiyo iliachana na sharti la kubadilisha nywila mara kwa mara. Watu walikuwa wameongeza tarakimu moja mwishoni kila mara, wakaendelea na maisha.

Nazikubali hoja hizo, ila hazinitoshi. Hesabu ya Herley inapima hasara ya mtumiaji mwenyewe, na yeye alilijua hilo. Gharama inayomwangukia mtu wa tatu ni swali lingine. Na zipo nyakati ambapo hakuna sharti gumu la kulaumu. Desemba 2009 tovuti ya RockYou ilidukuliwa, na nywila zipatazo milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa waziwazi zikavuja. Kampuni ilistahili lawama kubwa kwa kuzihifadhi hivyo. Lakini wachunguzi walipozihesabu walikuta nywila iliyopendwa kuliko zote ni tarakimu sita za kwanza kwa mfuatano, moja hadi sita, iliyotumiwa na watu zaidi ya 290,000. Hapo hakuna mwongozo wa NIST wa kumsingizia. Ni miaka thelathini baada ya Morris na Thompson, na asilimia 86 yao ingeweza kuandikwa upya.

Sura ya karibuni zaidi inahusu vifaa ambavyo mwenye nyumba hata havihesabu kuwa kompyuta. Mwaka 2016 vijana watatu wa Kimarekani, wakishindana katika biashara ya seva za mchezo wa Minecraft, waliunda programu iliyoitwa Mirai. Kazi yake ilikuwa rahisi mno: ilizunguka mtandaoni ikigonga kila kifaa, ikijaribu jozi zipatazo 60 za majina na nywila zilizowekwa kiwandani, za aina ya "admin" na "admin". Kamera za usalama, ruta, vinasa picha, vyote vilifunguka. Katika saa 20 za kwanza ilikuwa imevipata vifaa 65,000, na katika kilele chake 600,000. Mwishoni mwa Septemba msimbo wake ulitolewa hadharani, wengine wakauchukua. Tarehe 21 Oktoba shambulio dhidi ya kampuni ya Dyn liliwanyima watu wa Marekani na Ulaya huduma za Twitter, Netflix na nyinginezo kwa saa kadhaa.

Hilo liliandikwa sana magazetini. Kinachonigusa zaidi ni kilichotokea Liberia. Kijana wa Kiingereza, Daniel Kaye, alikodishwa na afisa mmoja wa kampuni shindani ili aishambulie Lonestar, kampuni ya simu na intaneti ya nchi hiyo. Kuanzia Septemba 2016 alitumia jeshi lake mwenyewe la Mirai, lililoundwa kwa sehemu kubwa na kamera za usalama. Liberia ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari, na mwezi Novemba mashambulizi yalikuwa mazito kiasi cha kuvuruga intaneti ya nchi nzima. Polisi wa Uingereza walieleza kuwa Lonestar ilitumia takriban dola 600,000 kujikinga, na kwamba ilipoteza mapato ya makumi ya mamilioni ya dola wateja walipoihama. Januari 2019 Kaye alihukumiwa kifungo cha miezi 32. Fikiria basi: mtu ananunua kamera kwa hofu ya wezi, anaifunga juu ya lango lake, nywila yake anaiacha kama ilivyotoka kiwandani, na kamera hiyohiyo inasaidia kukata mawasiliano ya Waafrika waliokwisha kuteswa na vita na Ebola. Mwizi hakuingia kwake. Picha zake zilibaki safi. Kwa kipimo cha mtu asiye na cha kuibiwa, kamera ilifanya kazi yake barabara.

Nchi zetu zimetunga sheria: Uganda ilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta mwaka 2011, Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya na Rwanda mwaka 2018. Zote zinamlenga anayeshambulia, na sioni busara ya kumpeleka mahakamani mama aliyefunga kamera kwenye duka lake la nafaka. Kwingineko wameanza kumgeukia mtengenezaji. Tangu tarehe 1 Januari 2020 jimbo la California linataka kila kifaa kinachounganishwa na intaneti kiwe na nywila yake ya pekee, au kimlazimishe mnunuzi aiweke mpya kabla ya kukitumia. Uingereza ilipiga marufuku nywila za jumla za kiwandani kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Ni njia ileile iliyofaulu mwaka 2004, ya kuweka komeo mlangoni badala ya kuliacha ndani ya sanduku, na ningependa kuona Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiidai kwa pamoja, kwa sababu soko la nchi moja ni dogo mno kumtisha kiwanda.

Sheria hizo zinahusu vifaa vinavyouzwa sasa. Mirai hukaa katika kumbukumbu ya muda ya kifaa, hivyo ukikizima na kukiwasha inatoweka. Lakini kifaa kikirudi mtandaoni na nywila ya kiwandani huambukizwa tena, pengine ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ruta na kamera ambazo tayari zimo majumbani mwetu zinahitaji mambo mawili kwa mpangilio: kwanza zizimwe na kuwashwa, kisha nywila ibadilishwe mara moja, kabla mchezo wa kugongagonga haujazifikia. Nywila ya kiwandani huandikwa nyuma au chini ya kifaa, kwenye kibandiko kidogo, na mahali pa kuibadilishia huelezwa katika karatasi iliyokuja ndani ya boksi.